Mrejesho: kisu kisichokunjwa nilichokichagua kwa uwindaji na kambi

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza ni kisu gani kisichokunjwa kingenifaa kwa kuchuna wanyama na kwa kazi za kambini. Nilikuwa nimeshavutiwa na kisu chenye makali ya sentimita 18, lakini hoja yenu kwamba urefu huo humsumbua mtu anapochuna ngozi ilinishawishi, nikachukua chenye makali ya sentimita 10 na unene wa milimita 4, ambacho chuma chake kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho.

Baada ya safari tatu, naona ushauri huo ulikuwa sahihi. Ncha yake, iliyoshuka kidogo chini ya mstari wa mgongo, haikutoboa matumbo nilipopasua mnyama, jambo ambalo kisu changu cha zamani kilinifanyia zaidi ya mara moja (na harufu yake siisahau).

Pale nilipokosea ni kwenye utunzaji. Nilichagua chuma cha kaboni kwa kuwa hunoleka kwa urahisi, na kweli kinoo kidogo kinatosha. Hata hivyo, nilikiacha usiku kucha ndani ya ala ya ngozi iliyolowa, nikakikuta asubuhi kina madoa ya kutu. Sasa nakifuta, nakipaka mafuta na kukihifadhi nje ya ala. Aliyependekeza chuma cha pua, kisichoshika kutu kwa urahisi, kwa mtu msahaulifu alikuwa ananijua kuliko nilivyodhani.

Kupasulia kuni kinaweza, ila vijiti vyembamba tu. Magogo nimeyaachia shoka.