Ushauri: Nimeombwa nikaongee mbele ya kamati ya bunge la Maine kuhusu faragha mtandaoni. Niende?

Mama Wawili
Habari zenu wakuu. Naishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, kazi yangu ni kutunza wazee. Chama chetu cha akina mama kimeniomba nikatoe maoni Augusta, makao makuu ya jimbo, mbele ya kamati ya bunge la jimbo, kwenye muswada wa faragha mtandaoni. Wamenichagua kwa yaliyonikuta. Nilijaza fomu mtandaoni kutafuta bima ya gari, nikaweka simu na tarehe ya kuzaliwa. Ugali haujaiva, simu zikaanza: bima, mikopo, hadi paneli za sola, na mimi nyumba ni ya kupanga! Mpaka leo hawajaacha. Niko zamu ya usiku, mzee wa watu kalala, simu inatetemeka mfukoni.

La pili ni bei ya intaneti. Tulikuwa tunapunguziwa dola 30 kwa mwezi na mpango wa serikali kuu, ukafa Juni 2024. Sasa wanangu wanafanyia kazi za shule maktaba, na ikifungwa wanakaa kwenye gari nje kwa sababu waifai inafika hadi maegesho.

Kinachonikwamisha: Kiingereza changu ni cha kazini, na kesi yangu ya uhamiaji haijaisha. Shemeji anasema nisijipeleke mwenyewe kwa serikali. Niende au niache? Na nikienda nikaseme nini?

Mtu wa Pwani
Msikilize shemeji yako. Kampuni zinapeleka mawakili wenye suti, wewe na usingizi wa zamu utawaambia nini wabunge? Ugenini mtu hukaa kimya.

Kibonge wa Portland
Mtu wa Pwani, acha kumtisha dada wa watu. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na huyu jembe kashalishika, kodi analipa.

Dada, Augusta nimekwenda, si mara moja. Huhitaji mwaliko wala uraia kuongea. Unajiandikisha, ukiitwa unasimama. Anaanza mbunge mwenye muswada, wanafuata wanaouunga mkono, kisha wanaopinga, mwisho wale ambao hawako upande wowote. Kwa kawaida unapata dakika 3. Watu wakiwa wengi utasubiri sana, beba chakula. Unaweza pia kuongea kwa Zoom, au ukatuma maandishi tu ukalala zako.

Ila hayo yako ni mambo mawili, usiyafunge fungu moja. Simu za kukusumbua ni muswada wa faragha. Bei ya intaneti ni muswada mwingine, na mara nyingi kamati nyingine. Ukiyachanganya, mwenyekiti atakurudisha kwenye mada kwa adabu zote na dakika zako zimeliwa. Uliza namba ya muswada (zinaanza na herufi LD), uusome kwanza.

Msomi wa Bukoba
Niongeze kuhusu hao mawakili wenye suti. Mwaka 2017 Bunge la Marekani lilifuta kanuni zilizotaka kampuni za intaneti ziombe ridhaa ya mteja kabla ya kuuza taarifa zake. Maine ikatunga yake 2019, gavana Janet Mills akasaini. Kampuni inayokuletea intaneti hairuhusiwi kuuza historia ya unachoperuzi mpaka ukubali, na ukikataa haiwezi kukupandishia bei kwa sababu hiyo. Kampuni zikashtaki 2020, na 2022 zikaiacha kesi. Sheria ipo mpaka sasa. Kwa hiyo suti si kila kitu.

Lakini sheria hiyo haiigusi fomu yako ya bima. Inambana anayekuvutia waya, haimbani mwenye tovuti, na hapo ndipo penye pengo. Mwaka 2024 miswada miwili ya kuliziba iliangukia hapo hapo Augusta. Huku kwetu Minnesota sheria ya namna hiyo ilianza Julai 31, 2025: naweza kuiandikia kampuni inipe orodha ya iliowapa taarifa zangu, na ina siku 45 kunijibu. Wewe ukipigiwa na muuza sola huna hata pa kuanzia kuuliza namba yako kaitoa wapi. Waambie hilo, hutahitaji kutaja kifungu chochote.

Karani wa Mawakili
Mbona hamjamwambia kubwa? Maoni ya maandishi yanawekwa kwenye tovuti ya bunge, na jina lako juu yake. Yeyote atayasoma, leo au miaka kumi ijayo. Unakwenda kulalamika kwamba taarifa zako zimezagaa, basi usizizagaze mwenyewe. Taja mji, usitaje mtaa. Namba ya simu isiwemo kwenye maandishi, wala jina la shule ya watoto. Mzee unayemtunza usimtaje kabisa, hapo unahatarisha kazi yako. Uhamiaji usiutaje hata kwa neno moja, muswada hauuhusu.

Na kabla ya yote, muulize wakili wa kesi yako. Akisita, mwenzako wa chama asome kwa niaba ya chama, bila jina lako. Mnaosema "nenda tu" hamna kesi mahakamani.

Bronx Mswahili
La bei mwandikie mbunge wako barua pepe, umwambie aitazame New York. Kaya yenye Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au msaada wa chakula inapata intaneti ya dola 15 kwa mwezi toka kampuni kubwa. Sheria ya 2021, ikapigwa vita mahakamani, ikaanza kazi Januari 2025.

Mama Wawili
Asanteni sana. Wakili ameniita Jumanne. Akikubali nitaongea kwa Zoom. Je, wakiniuliza kitu nisichokijua? Na naanzaje?

Kibonge wa Portland
Mwambie mbunge aliyeuliza kwamba utamtumia jibu kwa maandishi, inatosha, hata hao wenye suti hufanya hivyo. Mwanzo una utaratibu wake: Seneta fulani, Mwakilishi fulani (hao ndio wenyeviti wa kamati), na waheshimiwa wajumbe wa kamati, naitwa fulani, naishi Lewiston, naunga mkono LD namba fulani. Ukimaliza hapo ingia moja kwa moja kwenye ile fomu. Andika kwa Kiswahili kwanza. Suala la mkalimani mwulize karani wa kamati mapema, usingoje siku yenyewe. Baadaye kutakuwa na kikao chao cha kuupitia muswada. Unaruhusiwa kusikiliza, kuongea ni mpaka waulize.

Jumamosi nakuja Lewiston. Nitumie ujumbe wa ndani tukutane, tuyasome pamoja na saa mkononi.