Tupeane uzoefu: uliwahi kufungiwa geti siku ya mahafali?

Dada Mkubwa wa Makambako
Habari za jioni ndugu zangu. Leo nimepokea kadi ya mahafali ya kidato cha nne ya mdogo wetu wa mwisho, shule ya bweni upande wa Uyole, Mbeya. Chini kabisa wameandika kwa herufi kubwa: GETI LITAFUNGWA SAA 3:00 KAMILI ASUBUHI. Nimesoma mstari huo moyo ukanienda mbio, maana mwaka 2019 yalinikuta kwa kaka yake.

Nilipanda gari la saa 11 alfajiri. Tulikwenda vizuri hadi Mlima Nyoka, tukakwama nyuma ya malori ya Tunduma. Getini nikafika saa 3 na dakika 12. Limefungwa. Tulikuwa wazazi kama thelathini juani, vumbi la Oktoba mnalijua. Saa 5 na nusu mgeni rasmi akafika, geti likafunguliwa, gari lake likapita, likafungwa tena. Lile geti ni la bati, chini lina uwazi wa kiganja. Maandamano ya wahitimu yalipoanza nikapiga magoti, nikawa naona miguu inapita. Viatu vya mdogo wangu nilivijua, nilimnunulia mtumba Mwanjelwa na fundi akavishona ubavuni kwa uzi mweupe, mweusi ulikuwa umemwishia. Hayo ndiyo mahafali niliyoyaona.

Nani mwingine yamemkuta? Mlifanyaje?

Mzee wa Ipogolo
Umenikumbusha mbali. Yangu Iringa, 2014, dakika nane tu. Mpaka leo sina picha na kijana wangu akiwa na sare.

Chaki na Ubao
Naongea kama mwalimu. Geti halifungwi kwa roho mbaya. Mwaka mmoja tuliacha wazi: risala inasomwa watu wanaingia, wanatafuta viti, wanawaita watoto kwa majina. Jioni tukakuta simu na pombe bwenini, mtihani wa taifa umebaki mwezi mmoja. Mkinilaumu, laumuni na hilo.

Mama Igawilo
Mwalimu, na mgeni rasmi wenu alifika saa ngapi?

Chaki na Ubao
Saa 6. Na mimi ningemfanya nini?

Mama Igawilo
Basi anzeni hiyo saa 6 na kadi iandikeni hivyo. Mama ametoka Kyela usiku usiku na mtoto mgongoni, mnamfungia kwa dakika kumi ili akae nje masaa matatu akimsubiri mkubwa ambaye naye amechelewa!

Binti wa Matamba
Sijawahi kuliandika hili popote. Mimi nilikuwa ndani, ni mhitimu.

Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Alikuwa ameahidi siku ya mahafali yangu atanitandikia kanga yake ya harusi nipite juu yake. Baba akasema ataileta yeye. Wanaoijua barabara ya Matamba kushuka Chimala wanajua, kona 57. Gari la Ijumaa jioni lilijaa watu na viazi, akaambiwa asubiri la alfajiri. La alfajiri likapasuka tairi njiani. Baba akashuka kwa miguu, akikata njia za mkato gizani, hadi Chimala, akadandia gari la kuja Uyole. Alifika wamefunga robo saa.

Mimi sijui hayo. Tunapita kwenye maandamano, wenzangu wanatandikiwa kanga, wanavalishwa maua, mimi nakanyaga vumbi na macho yanazunguka kwenye viti vya wazazi. Jina langu likasomwa, nikapokea cheti, nikarudi kukaa. Ndipo skauti mmoja mdogo akaja mbio: "Dada, hii imetoka getini, kwa mzee mmoja." Mlinzi alikuwa ameipokea kwa chini ya geti. Nikaifungua. Ilikuwa bado ina harufu ya sanduku la nyumbani, moshi na sabuni ya mche. Nikaiweka mapajani. Wakati wa kutandikiwa ulikuwa umekwisha.

Geti lilifunguliwa saa 8. Nikatoka mbio, baba hayupo. Mlinzi akaniambia aliondoka saa 7 kuwahi gari la kupanda Matamba, ukilikosa unalala Chimala. Nilimwona tena mwisho wa Novemba, mtihani ulipokwisha. Hakuniuliza habari za sherehe. Aliuliza tu kama kanga ilifika.

Mzee wa Ipogolo
Pole sana mwanangu. Nimeshindwa kumaliza kula.

Kamwene Njombe
Nimeweka simu chini kwanza. Kamwene dada. Mzee yupo?

Binti wa Matamba
Yupo, anamshukuru Mungu. Kanga ninayo mimi.

Kijana wa Mafinga
Inauma, lakini mzee angeshuka Alhamisi akalala Chimala. Ratiba aliijua.

Mkinga wa Makete
Gesti ungemlipia wewe? Na ng'ombe angekamua nani?

Kijana wa Mafinga
Sijamtukana mtu. Nasema safari ya milimani hupangi ya siku moja.

Mkinga wa Makete
Hujawahi kuishi kule, ndiyo maana unapanga.

Binti wa Matamba
Naomba tuyaache. Alikuwa na wadogo zangu wawili nyumbani, hakuwa na wa kumwachia.

Rungu la Zamani
Nimekuwa mlinzi wa shule miaka sita. Tunaambiwa ukifungua, mshahara wako unakatwa. Nimesimama pale mama wa watu analia, na mimi nina watoto. Nilichoweza ni kupokea vitu: maua, keki, picha. Huyo mwenzangu aliyeipitisha kanga, Mungu ambariki.

Mama Igawilo
Amina. Turudi kwa dada wa Makambako, afanyeje?

Kijana wa Mafinga
Lala Uyole Ijumaa.

Sufuria la Pilau
Mimi mwaka jana niliingia na gari la wapishi, nimebeba sufuria kichwani na gauni langu la kitenge. Hakuna aliyeniuliza. Nilimvalisha mwanangu maua mikono inanuka vitunguu.

Chaki na Ubao
Usifanye hivyo. Chukua namba ya mwalimu wa darasa leo, mpigie ukiwa bado njiani, siyo ukiwa getini. Mwalimu akija mwenyewe getini, mlinzi anafungua.

Rungu la Zamani
Siyo shule zote, mwalimu. Kwetu walimu wenyewe walikatazwa kusogea.

Wa Mbagala
Sisi wa Dar tumepata nafuu tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea usiku. Unapanda jioni, unafika Mbeya mapema.

Mzee wa Ipogolo
Ukikuta lori limelala mlimani Kitonga utafika mchana. Mimi nisingethubutu.

Dada Mkubwa wa Makambako
Asanteni. Kulala ndiko nilikokuwa nakufikiria, ila Ijumaa natoka kazini saa 11 jioni, na gari za hapa zikijaa ndiyo basi.

Kamwene Njombe
Ijumaa hiyo nashuka Mbeya na gari yangu, nitakuwa Makambako kama saa 12 jioni. Mbele nipo na mke wangu, nyuma kuna nafasi. Njoo inboksi unipe namba. Kadi yako usiisahau, kuna wanaorudisha mtu kwa kadi pia.

Dada Mkubwa wa Makambako
Nimekuja inboksi kaka. Na maua nanunua hapa hapa Alhamisi, sitaki kusimama kwenye meza za getini.