Naomba ushauri: kambale wamekariri kona ya chakula

Habari zenu wakubwa, naomba msaada kwa wanaofuga samaki. Niko huku Jinja, nina bwawa la kambale na siku zote nawalisha kona moja, sasa nikikanyaga tu ukingoni wanajazana pale hata kabla sijarusha peleti, ndevu juu ya maji, wakubwa wanawasukuma wadogo na wadogo wanalala njaa, inaniuma kwa kweli. Nimehamishia chakula upande wa pili lakini bado wanarudi kona ya zamani, peleti zinaloa bure. Najua mtikisiko wanausikia kwa mwili na ndevu zao zinaonja maji, na kumbukumbu wanayo kabisa. Je, nigonge debe upande mpya kabla ya kulisha mpaka wazoee ile sauti, au nirushe chakula bwawa zima?