Kwa nini zailazini ilegeze mwili wa ng'ombe lakini ikaze mji wa mimba?

Mwanafunzi wa Mifugo

Habari zenu, ndugu wataalamu. Ng'ombe mwenye mimba ya miezi minane alihitaji kutulizwa ili atibiwe kwato, nami nikapendekeza zailazini, nikiamini kwamba dawa inayolegeza misuli italegeza na mji wa mimba, hivyo mimba iwe salama zaidi. Mwalimu wangu alikataa mara moja. Nilikosea wapi?

Tabibu wa Ng'ombe

Mwalimu wako alikuwa sahihi. Misuli unayoiona ikilegea ni ile ya mifupa, ilhali ukuta wa mji wa mimba ni msuli laini wenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara za kemikali. Zailazini huamsha vipokezi vya alfa-2: katika ubongo na uti wa mgongo vikiamshwa, mnyama husinzia na kulegea, lakini katika mji wa mimba wa ng'ombe vikiamshwa, msuli hukaza, damu iendayo kwenye kondo hupungua, na ndama hupata oksijeni kidogo. Ndiyo maana tunaiepuka, hasa katika theluthi ya mwisho ya mimba.

Mkunga wa Mifugo

Hata atrakuriamu, dawa ya kupooza misuli inayozuia asetilikolini (kemikali ya neva inayoamuru msuli ukaze) isishike vipokezi vya msuli wa mifupa, huuacha mji wa mimba uendelee na mikazo yake. Anayetaka kuutuliza hutumia klenbuteroli, ambayo kwa kuamsha vipokezi vya beta-2 hupunguza kalsiamu ndani ya seli za msuli laini. Ng'ombe hupewa miligramu 0.3, nasi tukapata nafasi ya kumgeuza ndama aliyekaa vibaya au kufanya upasuaji. Oksitosini, homoni inayokaza mji wa mimba, huipinga, kwa hiyo msizitoe pamoja. Nasisitiza pia, kwa sababu jambo hili linaniuma: wapo wanaoitumia klenbuteroli kunenepesha mifugo, na watu wamewahi kuugua baada ya kula maini yenye mabaki yake.

Mwanafunzi wa Mifugo

Nashukuru sana. Je, kwato zingetibiwaje?

Tabibu wa Ng'ombe

Mfunge kwenye kibanio, ufunge mguu kwa mpira, kisha udunge lignokaini, dawa ya ganzi, kwenye vena iliyo chini ya mpira huo. Ganzi hubaki mguuni, na mji wa mimba hauguswi.