Nataka kurekodi albamu ya rokabili hapa Mwanza, watu watatu chumba kimoja, inawezekana?

Solo_Kirumba
Wakuu habari za humu. Mimi mpiga gitaa la solo, nipo Kirumba, napiga mahotelini na kwenye maharusi ili mkono uende kinywani, ila ugonjwa wangu ni rokabili, ule muziki wa Memphis, Marekani, wa miaka ya hamsini, gitaa linakimbia, besi ya kusimama inacharazwa mpaka inalia kama ngoma, na sauti ya mwimbaji ina kamwangwi. Nimeshaandika nyimbo kumi za Kiswahili, moja ya konda wa daladala ya Igoma, moja ya demu aliyepanda feri ya Kamanga akaniacha nimesimama na mihogo ya kuchoma mkononi (kisa cha kweli, msicheke).

Tatizo studio. Nimeenda mbili, kote prodyuza ananiuliza biti iko wapi, nikimwambia biti ni sisi wenyewe ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Wa pili akanirekodi peke yangu juu ya kliki, ule mlio wa kompyuta wa kuhesabu mwendo, kesho yake akamwita jamaa yangu wa gitaa la rizimu naye peke yake, wimbo ukatoka umenyooka kama rula na umekufa kama sato wa juzi. Sasa nataka nirekodi mwenyewe, nina kompyuta, maiki tatu, na chumba cha shangazi huku juu kwenye mawe. Ule mwangwi unapatikanaje? Na besi ya kusimama Mwanza hii naitoa wapi?

FundiNyaya
Mkuu hao maprodyuza usiwalaumu sana, mteja wao wa kila siku anakuja na flash tu anataka biti.

Ila hiyo sauti unayoitafuta ilitengenezwa na vitu vichache mno. Studio ya Sam Phillips, mwenye lebo ya Sun, pale 706 Union Avenue Memphis, ilikuwa chumba kidogo tu, na tarehe 5 Julai 1954 walioingia kupiga ni watatu, Elvis, Scotty Moore kwenye gitaa la umeme na Bill Black kwenye besi. Drams hakuna. Kamwangwi kalitoka kwenye rekoda mbili za tepu, moja inarekodi, nyingine inapokea sauti hiyo hiyo na kuirudisha imechelewa, maana tepu lazima isafiri toka kichwa kinachoandika mpaka kichwa kinachosoma. Hako kasafari ndiko mwangwi wenyewe. Kwenye kompyuta weka dilei, ile ya kuchelewesha sauti, milisekunde 120 mpaka 140, irudi mara MOJA, yaani fidibeki sifuri. Wengi wanaharibu hapo, wanaacha irudi mara tano inakuwa tangazo la mnada.

Halafu kuna hili linanifurahisha, RCA walipomnunua Elvis mwishoni mwa 1955, kampuni kubwa na mitambo yote ile, Januari 1956 wakamrekodi Nashville na ule mwangwi wa Sun ukawashinda, ikabidi watumie korido ya jengo. Kwa hiyo kama kwa shangazi yako kuna korido ya saruji, spika upande mmoja, maiki upande mwingine, umemaliza.

DagaaMchele
Rokabili na Rock City yetu Mwanza, umerudi nyumbani kumbe 😂😂 ila kaka si upige benga tu, gitaa linakimbia vilevile na watu watacheza, hiyo ya wazungu nani atanunua

Solo_Kirumba
@DagaaMchele benga naipenda, ndiyo iliyonifundisha vidole. Ila ya wazungu unavyosema, yule Jimmie Rodgers, baba wa hiyo hillbilly, muziki wa wazungu wa mashambani Marekani, iliyoizaa rokabili, santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis huko Kenya, wakaligeuza jina lake likawa Chemirocha wakamtungia nyimbo, mtafiti wa muziki Hugh Tracey akawarekodi mwaka 1950. Elvis hata studio hajaingia bado. Sasa mgeni nani hapo?

Mzee_wa_Rizimu
Shikamoo mmeitikia wenyewe, haya marahaba.

Kijana, acha kliki. Enzi za Radio Tanzania sisi tulikuwa tunaingia bendi nzima, wapulizaji, magitaa matatu, tumba, waimbaji, mnapangwa nani akae karibu na maiki nani asogee nyuma, mkianza mmeanza, mmoja akikosea karibu na mwisho mnarudia wote na mnamwangalia vibaya. Ndio maana tulikuwa tunafanya mazoezi mpaka wimbo unaupiga huku unawaza ugali. Nyinyi watatu kaeni duara muonane macho. Wimbo wa rokabili ukiongeza mwendo kidogo pale katikati wala si kosa, ni damu imechemka. Gitaa likizidi usikimbilie kompyuta, geuza ampli iangalie ukuta.

Na huyo wa rizimu mpe kazi ya drams. Johnny Cash, naye wa hiyo hiyo Sun, alikuwa hana mpiga drams, akachomeka karatasi kwenye nyuzi za gitaa kavu, likawa linakwaruza cha cha cha kama sneya, ile drams ndogo kali. Karatasi ya daftari inatosha, usitie noti, hela yenyewe huna.

Usiku ndio wa kurekodi, ila angalia mwezi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, injini zimetulia lakini baa zimejaa mpaka asubuhi. Giza la mwezi ndio kuzuri huko kwenu. Na paa la bati mvua ikianza mfunike vitu mlale.

MpembaWaNyegezi
Asalaam alaykum. Kuhusu besi, dabli besi za kweli utaziona Unguja kwenye vikundi vya taarabu, bei yake sikutajii nisije nikakuvunja moyo. Lakini kwetu Zanzibar kwenye kidumbak, ile ngoma ndugu ya taarabu, lipo sanduku, yaani sanduku la chai limepinduliwa, kamba moja imetoka katikati imefungwa juu ya fimbo, ukiivuta fimbo kamba inakaza sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Linatoa mdundo wa kupiga tumboni. Kwa rokabili utapata mdundo, ila ile "taka" ya nyuzi kupiga ubao hutaipata kwa kamba, hiyo mwambie jamaa agonge ubavu wa sanduku kwa mkono mwengine. Si kitu rahisi, mpe wiki tatu vidole viote sugu.

Maiki usiiweke mbele, iweke chini karibu na ukingo, inua upande mmoja wa sanduku kwa kipande cha tofali pumzi itoke.

FundiNyaya
Hilo sanduku wazo la maana kuliko yangu yote. Likivuma sana kwenye maiki ya kuimbia simamisha godoro katikati yao.

Solo_Kirumba
Jamani asanteni, mzee wangu nakushukuru sana na karatasi nimeshachana daftari la mtoto wa shangazi. Jana tumejaribu nyimbo mbili pamoja, ya konda imekubali teki ya nne, kuna jogoo kaingia mwishoni nimemwacha. Masanduku ya chai sijayaona, nimepata kreti la mbao nikapigilia plaiwudi chini. Kamba nimenunua soko la Mwaloni, ile ya ndoano za sangara, nikivuta inalia vizuri ila inateleza kwenye fimbo. @MpembaWaNyegezi nyinyi mnaifunga fundo gani?

MpembaWaNyegezi
Toboa fimbo, ipitishe, fundo liwe kwa nyuma. Na ipake nta.