Hita inavuja ndani ya gari, nani ashawahi kubadilisha mwenyewe nyumbani?

kev_donholm
Wasee habari zenu. Gari yangu imeanza kunuka kitu tamutamu ndani, asubuhi kioo cha mbele kinashika ukungu na ukipangusa kinabaki na mafutamafuta, halafu kapeti ya upande wa abiria imelowa. Maji ya rejeta naongeza kila mara na chini ya gari hakuna hata tone. Makanika anasema hita (ile rejeta ndogo ya ndani ya dashibodi) imetoboka, anataka kung'oa dashibodi yote. Vifaa ninavyo na parking iko, naeza fanya mwenyewe? Ama niachane nayo tu, Nairobi nani anatumia hita?

fundi_wa_ngara
Kabla ufungue hata skrubu moja gusa hayo maji ya kapeti. Mpira wa AC wa kutoa maji ukiziba pia unamwaga ndani, lakini hayo ni maji safi, hayana rangi wala harufu. Yakiteleza kwa vidole na rangi ni ya kulanti (yale maji ya rangi ya rejeta), hiyo ni hita. Ata hivyo angalia kwanza pale paipu zinaingilia, saa zingine ni klipu imelegea tu na mtu ashafungua dashibodi bure.
Na tafadhali usitie ile dawa ya kuziba matundu kwa maji ya rejeta, itaziba mpaka rejeta yenyewe.

mama_twins_rongai
Kev hita unaihitaji sana, July ukipita Limuru alfajiri ndio utajua ile hewa moto ndio inakausha kioo. Kwa sasa unaeza kuiruka: injini ikiwa baridi kabisa, toa zile paipu mbili za raba zinazoingia ndani kwa ule ukuta wa nyuma ya injini, uziunganishe na kipande cha bomba na klipu mbili. Unganisha, usizibe, kulanti lazima izunguke.
Ya kubadilisha tulifanya na bro wangu. Toa betri kwanza na usubiri kabla ya kugusa waya za manjano, hizo ni za eabegi (mifuko ya hewa ya usalama). Piga picha kila hatua, weka skrubu kwa vikopo tofauti. Kuna gari hita inachomoka kando ya miguu bila kung'oa dashibodi, kwa hivyo chunguza yako. Kama lazima boksi lote la hita na AC litoke, peleka kwa mtu wa AC avute gesi ya AC na mashine, msiiachilie hewani. Na ile kulanti mtakayomwaga funika, ni tamu na inaua mbwa na paka, watoto pia wasiisogelee.

fundi_wa_ngara
Kweli kabisa. Beba ile hita kuukuu uende nayo kwa maduka ya spea Kirinyaga Road mlinganishe shingo za paipu. Ukirudisha weka swichi ya hita kwa moto kabisa, ujaze kulanti polepole mpaka hewa yote itoke. Badilisha na kifuniko cha rejeta kama kimechoka, huku juu Nairobi maji yanachemka karibu digrii 94, ile presha ndio inayazuia.

kev_donholm
Nimegusa, inateleza na ni ya pinki. Klipu ziko sawa. Leo naunganisha zile paipu, Jumamosi nafungua, asanteni sana.