Darasa la kibali cha kubeba bastola Minnesota: bei ipi ni ya haki?

Msafiri wa Shella (Malindi)

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, ila makao yangu kwa sasa ni Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nipo nyumbani kwa likizo na nitarejea baada ya Idi. Huko ninafanya kazi ya zamu ya usiku katika kituo cha mafuta, na kwa kuwa vituo vya jirani vimewahi kuvamiwa, nimeazimia kuomba kibali cha kubeba bastola. Sheria ya jimbo inamtaka mwombaji awe amepitia mafunzo kwanza, na hapo ndipo nilipokwama. Tangazo moja linataka dola 45 kwa darasa la mtandaoni pekee, lenye cheti kinachosemekana kukubalika katika majimbo mengi. La pili ni dola 80, kwa saa chache za darasani na kupiga shabaha. La tatu ni dola 150 kwa siku nzima. Sitaki kutupa fedha, wala sitaki kununua karatasi isiyo na faida. Waliowahi kupita njia hii wanishauri.

Mstaafu wa Langoni (Lamu)

Wa alaykum salaam, mwanangu. Niliishi Minnesota kwa muda mrefu kabla ya kurudi kwetu Lamu, na kibali hicho nilikuwa nacho. Hilo la dola 45 liondoe kabisa katika hesabu yako. Sheria ya Minnesota, kifungu cha 624.714, inataka mafunzo yawe na mambo matatu: misingi ya kutumia bastola, zoezi la kufyatua risasi ambalo ni lazima ulifaulu, na maelezo ya kisheria kuhusu kumiliki na kubeba silaha, kujihami, na mipaka ya kutumia nguvu inayoweza kuua. Zoezi la kufyatua risasi halifanyiki mbele ya kompyuta. Kuna majimbo yaliyowahi kuridhika na masomo ya mtandaoni, Virginia likiwa mojawapo hadi mwisho wa mwaka 2020, lakini ruhusa ya jimbo jingine haimfai mkaazi wa Minneapolis anayepeleka maombi yake kwa sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa Kaunti ya Hennepin.

Baina ya hayo mawili yaliyobaki, usiamue kwa bei iliyoandikwa juu ya tangazo. Mwulize mkufunzi iwapo ada yake inajumuisha malipo ya uwanja wa shabaha, risasi, kukodi bastola, miwani na vizibo vya masikio, kwa sababu darasa la dola 80 lisilo na hayo laweza kulipita lile la 150 kabla hujafyatua risasi ya kwanza. Mwulize pia ana idhini ya taasisi gani, kisha uthibitishe kwamba taasisi hiyo imekubaliwa na Bureau of Criminal Apprehension, ambayo ni idara ya upelelezi ya jimbo. Mkufunzi asiyetambulika hukuachia cheti ambacho sherifu hatakipokea. Ada ya maombi, ambayo kwa mwombaji mpya haizidi dola 100, hulipwa kwa sherifu, kwa hiyo mkufunzi anayesema bei yake “inajumuisha kibali” akueleze kwa maandishi ana maana gani.

Jambo jingine linagusa safari zako. Mafunzo ni lazima yawe yamefanyika ndani ya mwaka mmoja kabla ya maombi, na kibali hudumu miaka 5, kisha unapokihuisha unahitaji mafunzo tena. Usisome leo ukaja kukaa pwani hadi cheti kikachakaa.

Binti wa Maweni (Malindi)

Kaka yangu, Mzee wa Langoni amelimaliza suala la fedha, lakini mimi ningetazama pia saa zinazotengewa sheria. Minnesota humtaka mtu aliye nje ya nyumba yake aepuke ugomvi kwa kuondoka pale inapowezekana kwa usalama. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilisema wajibu huo unamhusu hata mtu anayetoa silaha kwa kutishia tu. Darasa linalolipitia somo hili kwa dakika chache na kukimbilia uwanjani ni ghali hata likiwa la dola 20.

Uliza vilevile kama mkufunzi hufundisha namna ya kuzungumza na polisi unaposimamishwa barabarani ukiwa na silaha. Philando Castile, kijana mweusi aliyekuwa na kibali hichohicho cha Minnesota, alipigwa risasi na askari tarehe 6 Julai 2016 huko Falcon Heights, muda mfupi baada ya kumwambia kwa upole kwamba alikuwa na bastola. Askari huyo aliachiwa huru na mahakama mwaka uliofuata. Kwa mtu wa rangi yetu, sioni somo lenye uzito kuliko hilo, na si kila mkufunzi hulipatia nafasi ya kutosha.

Mzee wa Mambrui

Kabla ya kulipa hata senti, mwulize tajiri wako. Sheria ya Minnesota inamruhusu mwajiri kuwakataza wafanyakazi wake kubeba silaha wakiwa kazini, hata wenye kibali. Akikataza, bastola yako haitakulinda katika zamu hiyo unayoihofia.

Na kama unatafuna miraa, jua kwamba kathinoni iliyomo imo katika daraja la kwanza, yaani lililo kali kuliko yote, la dawa zinazodhibitiwa Marekani, na sheria ya shirikisho inamkataza mtumiaji haramu wa dawa hizo kumiliki silaha. Hapa kwetu ni jambo la barazani. Kule ni jambo la kujaza fomu na kutia saini.

Msafiri wa Shella (Malindi)

Nawashukuru nyote. Miraa situmii, lakini suala la tajiri sikuwa nimelifikiria, nami nitamwandikia leo. Swali langu la mwisho ni hili: sina bastola bado. Je, ninunue kwanza ndipo niende darasani?

Mstaafu wa Langoni (Lamu)

La, usinunue kwanza. Wakufunzi wengi hukodisha, na ukijaribu mbili tatu uwanjani utajua ipi inakaa vyema mkononi mwako. Watu wengi hununua kubwa mno kwa mwili wao kisha wakashindwa kuibeba. Isitoshe, katika Minnesota kibali cha kubeba hutumika pia kama kibali cha kununua, kwa hiyo hutahitaji maombi mawili. Sherifu ana siku 30 za kukujibu, na muda huo unakutosha kuweka fedha ya bastola, ala yake, na kasha la kufungia nyumbani, hasa kama mna watoto.